Maji Kinywani mwa Tata Kalonji

Dundu, dundu. Kabla hajaona lango wala ukuta, Kalonji aliusikia mpira. Ulidunda kwenye saruji upande wa pili wa matofali, mara mbili taratibu, kisha ukaharakisha kama moyo wa mtu aliyeshtushwa, ukanyamaza kidogo, halafu chuma cha kikapu kikalia. Alisimama palepale kwenye vumbi la mtaa wa Musonoi, pikipiki iliyomleta kutoka kazini ikigeuka nyuma yake. Mipira ilikuwa mingi mle ndani, lakini huo mmoja aliujua. Tshibola, binti yake, hudunda mara mbili kwanza, kama mtu anayebisha hodi, ndipo aingie kwa nguvu.

Siku nyingine yoyote Kalonji angeingia na sauti yake mbele, mwili ukifuata. Leo aliegemea ukuta kwanza. Yeye, Kalonji Séraphin, mtu anayesimama mbele ya vilio na harusi bila kutetemeka, alikuwa anaogopa kuingia kwenye uwanja wa watoto.

Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake na msiba wake. Alifanya kazi kwenye pampu kule Kingamyambo, mahali wanapoosha upya mabaki ya migodi ya zamani ili kutoa shaba na kobalti zilizosahauliwa. Pampu hizo zinanguruma mchana kutwa, na asiyepiga kelele hasikiki. Basi Kalonji alirudi nyumbani kila jioni akiomba chumvi kwa sauti ya mtu anayezuia lori. Mke wake, Ernestine, alizoea kusema kwamba mume wake akinong'ona siri, mtaa mzima unalala nayo.

Tena alikuwa na kasala. Familia zenye asili ya Kasai za pale mjini Kolwezi zilimwita kila penye jambo kubwa, asimame atoe yale maneno ya sifa yanayomwita mtu kwa majina ya wazee wake, jina juu ya jina, mpaka aliyeitwa ajisikie mrefu kuliko nyumba. Na kasala ina adabu yake. Anayeitwa hatembei. Husimama, huweka chini alichokishika, hata kikiwa chungu cha moto, naye huitika. Kumpa mgongo anayekuita kwa majina ya marehemu ni kuwapa mgongo marehemu wenyewe. Adabu hiyo Kalonji alimfundisha Tshibola tangu siku alipoweza kubeba kikombe bila kumwaga.

Kosa lilianzia hapo, Jumamosi iliyopita.

Klabu ya wasichana ya Malakiti, timu ya Musonoi, ilikuwa ikicheza na wasichana wa Dilala. Mchezo ulikuwa umebanana, dakika zimekwisha karibu zote, na Tshibola akaupata mpira peke yake. Mbele yake hapakuwa na mtu, ila kikapu na mbingu. Kalonji aliona binti yake akikimbia na kitu kikapanda kifuani mwake, kikubwa kuliko kifua. Alijikuta amesimama juu ya benchi, sauti ya Kingamyambo ikitoka yote:

"Tshibola wa Kalonji wa Mpoyi! Mjukuu wa Kanku aliyevuka Lubilanji, mtoto mgongoni, moto mkononi! Mto haukumwuliza jina, naye hakuuliza kina!"

Na Tshibola akasimama. Palepale, hatua chache kutoka kwenye kikapu, mtoto aliyelelewa vizuri alisimama, akainama, akauweka mpira chini kwa mikono miwili kama anaweka yai, akamgeukia baba yake na kuitika, "Eyo, tata," yaani naam, baba.

Msichana wa Dilala aliuokota ule mpira bila hata kukimbia. Akaenda nao upande wa pili, akafunga, filimbi ikalia. Uwanja mzima ulicheka, Dilala na Musonoi pamoja, hata mwamuzi alijifuta macho.

Tangu siku hiyo, mazoezini, kila aliyepewa mpira aliuweka chini na kusema "Eyo, tata." Aliyeongoza mzaha huo alikuwa Joyeuse, mrefu wao, mchezaji wa chini ya kikapu mwenye viwiko vikali na ulimi uliovizidi. Mama yake Joyeuse, Mushiya, alikuwa akipeleka nguo na sabuni kuuza Kisenge, mbali, na kukaa huko wiki baada ya wiki. Kwenye benchi la wazazi hakuna aliyewahi kukaa kwa ajili yake. Labda ndiyo maana wazazi wa wengine walimchekesha sana.

Kalonji aliposikia mpira umenyamaza mle ndani, akajua mazoezi yamekwisha na mkutano wa wazazi unaanza. Akaingia.

Kocha alikuwa Bilonda, mwanamke mdogo wa umbo, mtoto wa familia ya Kikatoliki kutoka kaskazini mwa mkoa, ambaye zamani alicheza mwenyewe mpaka goti likamkatalia. Wasichana walimwita yaya, yaani dada mkubwa, wazazi walimwita mama, ingawa wengi wao walimzidi umri. Alisimama mbele ya benchi na filimbi shingoni, akawaeleza klabu inataka nini kwao. Mtoto afike kabla ya mpira. Maji yatoke nyumbani, ya kuchemshwa. Jezi ifuliwe, na aifue mwenyewe aliyeivaa. Wazazi wa timu ngeni wapokelewe, wapewe kivuli. Mtoto akianguka asikimbiliwe na mtu mpaka kocha aite. Timu ikifungwa, mtoto asihojiwe njiani; alishwe kwanza.

"Arbitre eko na filimbi yake," alisema, akimaanisha mwamuzi. "Mi niko na batoto. Ninyi muko na mikono ya kupiga makofi. Kila mutu na kazi yake. Na yule anayekuja kuangalia mutoto wake mumoja tu, amuangalie ku nyumba. Hapa tunakuja juu ya bote."

Hakumtaja mtu, lakini shingo zote ziligeuka upande mmoja. Kabasele, baba wa msichana mwingine na fundi wa simu sokoni, mtu asiyeweza kuona kidonda bila kukitia chumvi, alishauri kwamba Tata Kalonji aitwe kwa kasala yeye mwenyewe, huenda ataweka ulimi chini.

Wakacheka. Damu ilimpanda Kalonji mpaka masikioni.

"Mama Bilonda," alisema, na wachache walioketi karibu wakarudi nyuma kidogo, "mutoto wangu hakuokotwa. Eko na bantu bake. Nikimuita vile, ninamupa nguvu."

"Unamupa nguvu ya kusimama, tata," Bilonda akajibu. "Mi nataka ya kukimbia."

 Watu walipotawanyika Bilonda alimvuta kando, karibu na nguzo ya kikapu, akamweleza mawili. La kwanza: Jumamosi wasichana wa Likasi wanakuja. Kama sauti yake itasikika mpira ukiwa unachezwa, msimu wote uliobaki ataketi nje ya ukuta, pamoja na waendesha pikipiki. La pili alilisema polepole zaidi. Tshibola alikuwa amemfuata kumwuliza kama mtu anaweza kurudisha jezi kabla msimu haujaisha. Hakuwa na hasira na baba yake. Alisema tu kwamba hawezi kucheza huku akingoja kuitwa. Asipoitika, amewavunjia heshima wazee. Akiitika, ameiangusha timu. Afadhali akae nyumbani. Bilonda alimwomba ajaribu Jumamosi hii moja.

Kalonji alirudi nyumbani kwa miguu. Nje aliwaka bado, maana kiburi ni kama kuni mbichi, huzimika kwa moshi mwingi. Watu gani hawa, alijiambia, wanaotaka mtoto akimbie bila jina? Lakini ndani kulikuwa na kitu kinamla.

Alimkuta Tshibola uani, ameinamia beseni, anafua jezi yake ya kijani. Kalonji alitaka kumwambia jambo zuri, na jambo zuri kwake lilikuwa na mlango mmoja tu. Akamwita, kwa sauti aliyoiona ndogo: Tshibola wa Kalonji wa Mpoyi.

Msichana aliweka jezi chini. Akasimama, mikono inachuruzika povu, macho kwenye ukuta wa jirani.

"Eyo, tata," alisema, kama mtoto anayeitika jina shuleni.

Kalonji alikuwa amewaita watu wengi maishani mwake. Alikuwa ameona wazee wakinyooka migongo, wajane wakiinua vichwa. Hakuwahi kuona jina zuri likimwangukia mtu kama gunia.  Akamwambia aendelee kufua.

Usiku ule chakula kilipoa mbele yake. Ernestine alimwacha kwa muda, kisha akakaa. Kalonji akamweleza tena habari aliyokwisha kumweleza mara nyingi, ya mwaka ule alipokuwa mdogo, familia za Kasai zilipotolewa majumbani kwa kuitwa wageni, zikalala stesheni zikingojea treni ambayo haikufika. Vitanda viliachwa, vyungu viliachwa. Kila jioni baba yake, Mpoyi, aliwapanga watoto kwenye ukingo wa reli na kuwaita mmoja mmoja, jina lao, la babu, la Kanku aliyevuka mto, ili wasije wakaamini kwamba wao ni watu wa kutupwa. Kalonji alipoitwa, hofu ilimtoka. Basi kosa lake ni nini? Anampa mtoto kile kile kilichomponya yeye.

Ernestine alimsikiliza mpaka mwisho, kama mke anayejua wimbo na bado anaupenda.

"Pale stesheni, mukono yako ilikuwa na nini?" akamwuliza.

"Haikuwa na kitu."

"Njo maana majina ilitosha. Huyu wako eko na mpira mu mukono, Séraphin. Acha aufikishe kwanza."

 Kalonji alikula ugali wa baridi wote, jambo ambalo kwake lilikuwa namna ya kukubali.

Lakini kukubali ni kichwa, na tatizo lake lilikuwa koo. Ulimi hauna mfupa, na wake haukuwa hata na breki. Siku zote zilizobaki, kazini, aliwaza jinsi ya kuufunga. Asubuhi ya Ijumaa pampu moja ilianza kupiga mayowe, ikitetemeka na kukohoa. Mwenzake alitaka kuizima. Kalonji alimwambia haina ugonjwa, imemeza hewa tu. Pampu yenye hewa tumboni hupiga kelele, uijaze maji inyamaze. Wakaijaza maji. Ikanyamaza. Kalonji akabaki amelishikilia bomba, akitabasamu peke yake mpaka mwenzake akamwuliza kuna nini.

Jumamosi alifika kabla ya watoto. Alibeba dumu la maji ya kuchemsha begani, la timu nzima, akawatafutia wazazi wa Likasi kivuli upande wa ukuta, akawasalimia kwa kupeana mikono. Walimwona mtu mpole. Kisha akakaa karibu na mwisho wa benchi, Ernestine kando yake, na mwamuzi alipotwaa mpira kuurusha, Kalonji alijaza kikombe, akapiga funda kubwa, akafunga midomo.

Hakumeza.

Mwanzoni hakuna aliyegundua. Malakiti walianza vibaya, na Tshibola alianza vibaya kuliko wote. Kila akipewa mpira aliutoa haraka kama makaa. Kila akipita mbele ya benchi aliinamisha bega, kama mtu anayetazamia kupigwa. Likasi walifunga, wakafunga tena. Kabasele aligeuka kumwuliza Kalonji maoni yake juu ya ulinzi, ili amchokoze, akakuta mashavu yamevimba kama ya mpiga tarumbeta na macho yametoka. Akamwuliza kama anaumwa jino. Kalonji akatikisa kichwa. Akamwuliza basi ana nini mdomoni. Kalonji, kwa heshima yote, akaonyesha kidole kwenye dumu.

Kabasele alielewa, na kicheko kikamtupa kutoka kwenye benchi.

Tshibola alisikia kicheko, akajikunja, akageuka kutazama. Alidhani sasa inakuja. Badala yake alimwona baba yake, mtu wa kasala, simba wa matanga, amekaa wima na mashavu mawili kama maboga, tone moja likimtiririka kidevuni. Walitazamana. Kalonji alipandisha nyusi, maana ndicho kitu pekee kilichobaki huru usoni pake.

Msichana alicheka mpaka akashika magoti. Yaya Bilonda alimpigia filimbi acheze. Naye akacheza. Dundu, dundu, hodi, kisha akaingia kati ya wasichana wawili wa Likasi kama maji yanayopita kwenye vidole.

Katikati ya kipindi cha mwisho, Joyeuse aliruka juu, akagongana na mtu, akaanguka kwa goti kwenye saruji iliyopasuka. Damu ilitoka. Bilonda aliinua mkono na kuita, kwa mazoea, mzazi wake.  Kila mtu alikumbuka kwa wakati mmoja kwamba Mushiya yuko Kisenge. Joyeuse naye alikuwa ameanza kusema hapana shida, hapana shida, anajifuta na kiganja, macho yakikataa kutazama upande wa wazazi.

Kalonji alikwisha simama. Alichukua dumu, akaenda, akapiga goti mbele yake, akaliosha lile jeraha taratibu, mchanga wote ukatoka, akalifunga kwa leso yake ya Jumapili. Kazi yote hiyo aliifanya mashavu yakiwa yamejaa. Joyeuse alimwangalia kwa karibu.

"Tata Kalonji," alisema, midomo ikimtetemeka kati ya kulia na kucheka, "usimeze. Ukimeza, tutakufwa."

Akainuka, akarudi chini ya kikapu.

Mwishoni Likasi walikuwa mbele kwa pointi moja tu, na Joyeuse, kwa goti lake la leso, akaunyang'anya mpira hewani na kuutupa mbele bila kuangalia. Tshibola aliudaka. Ilikuwa Jumamosi ile ile imerudi: hakuna mtu mbele yake, ila kikapu na mbingu.

Hapo likatokea jambo ambalo Musonoi bado inalisimulia. Wazazi wote wa Malakiti, badala ya kumtazama msichana, walimgeukia Kalonji. Kabasele alimshika mkono wa kulia. Ernestine alimshika wa kushoto. Bilonda mwenyewe alitupa jicho nyuma. Uso wa Kalonji ulikuwa umeiva, mishipa ya shingo imesimama, majina ya wazee wake wote yanagonga meno kwa ndani. Yakagonga. Hayakufunguliwa.

Kwa hiyo kikapu kilichoshinda mchezo, katika benchi lote la wazazi, kilionekana na mtu mmoja tu. Aliyaona yote: hodi mbili, hatua ndefu, mkono ukipanda, mpira ukizunguka juu ya chuma kama unafikiri, kisha ukaingia.

Filimbi ya mwisho ikalia. Kalonji alimeza maji, akakohoa, akavuta pumzi, na kabla ya kufungua kinywa alimtazama Bilonda. Kocha alitikisa kichwa kukubali, akaziba masikio.

"Malakiti!" ikatoka, mpaka waendesha pikipiki nje ya ukuta wakasimama. "Wasichana wa saruji iliyopasuka! Mlioanguka mkainuka kabla vumbi halijatua! Wenye kiu wasioomba, wenye goti wasiolia! Tshibola wa Kalonji wa Mpoyi, mjukuu wa Kanku, leo mto umekuuliza jina, nawe umeujibu!"

Tshibola alikuwa katikati ya wenzake, mpira kwapani. Angeweza kujificha kati yao. Aliwasogeza. Akainama, akauweka mpira chini kwa mikono miwili, polepole, uwanja wote ukiona, akanyooka mrefu kuliko nyumba.

"Eyo, tata," akaitika, na safari hii macho yake yalikuwa kwa baba yake.

Nyuma yake wasichana wote, hata baadhi ya wale wa Likasi, wakainama wakaweka chini walichokishika, chupa, taulo, kiatu, wakaitika pamoja. Ulikuwa mzaha bado. Lakini mzaha ulikuwa umebadilisha makao.

Baadaye, watu wakipungua, Kalonji alikuwa anamimina maji yaliyobaki kwenye miche iliyo kando ya lango. Tshibola alikuja kuchukua dumu abebe yeye.  Jezi ilikuwa mgongoni mwake, imelowa jasho, na haikuonekana kama kitu cha kurudishwa. Joyeuse alikuja akichechemea nyuma yake, leso mkononi, akisema ataifua. Hakuondoka. Alichora mstari kwenye vumbi na kidole cha mguu.

"Na mi, tata?" akauliza mwishowe. "Mi siko na mutu wa kuniita vile."

Kalonji alimwuliza nyanya yake, mama wa mama yake, aliitwa nani. Joyeuse alisema hajui, mama ndiye anajua. Na mama anarudi lini? Wiki ijayo, kama gari la Kisenge halitaharibika.

Kalonji aliweka chini kikombe alichokishika. Akanyooka, kama anavyosimama mbele ya watu wakubwa, ila sauti aliishusha mpaka Tshibola akageuka kuhakikisha ni yeye.

"Joyeuse, mi ninakuahidi, na Tshibola asikie. Mama yako akirudi, nitaenda kukaa kwake, anipe bantu bake jina kwa jina, mpaka nibajue kama bangu. Match inayokuja, filimbi ya mwisho ikilia, jina la kwanza litakalotoka hapa mu kinywa changu litakuwa la nyanya yako. Na kabla ya filimbi ile, mutaona mashavu tu."